Vioo Vyeusi vya Mama Mkwe

Garsen, 3 Mei 1998

Mkwe wangu Abdikarim,

Asalaam aleikum. Hamjambo? Mimi mzima, ila mgongo. Kalla binti yangu yu karibu kujifungua huko Madogo, nami mamake niko huku! Mabasi yamekwama kwa matope. Limebaki gari lako. Lakini nitapandaje, na miaka mitatu tumefichana uso kama heshima inavyotaka? Weka pazia kati yetu, na vioo uvitie tinti. Vyeusi tititi! Tukipita mjini Hola, watu wasinione nikiendeshwa na mkwe.

Mama mkwe wako,
Darmi

Madogo, 9 Mei

Mama mkwe,

Waaleikum salaam. Mgongo pole. Kalla miguu imevimba, anakutaja kutwa. Fundi Tahir amekataa tititi. Anasema vya mbele vibaki vyeupe, vya nyuma vitiwe moshi kidogo tu, askari aone kuna mtu, la sivyo atabandua kwa wembe palepale. Amevisugua kwa sabuni, akabandika bila kiputo hata kimoja. Naja Jumatano. Tafadhali usishushe kioo, gundi bado mbichi.

Mkweo,
Abdikarim

Madogo, chumba cha mbele, 14 Mei

Mama mkwe,

Habari za huko nyuma ya ukuta? Chai imefika? Mbona kumenyamaza? Kalla yuko salama? Hakuna anayeniambia kitu, naandika nisilie.

Mama, ile tinti askari wa kizuizi cha barabarani aliipitisha! Ila aliniuliza nyuma kuna nani, nikasema mama mkwe. Akauliza yukoje. Nikajibu, sijui afande, sijawahi kumwona. Si ndiyo kweli? Akadhani nimeiba mtu, akachukua funguo. Ndipo ukashusha kioo ukamfokea mpaka akazirudisha. Sasa karatasi yote ya tinti imekunjamana.

Mkweo

Madogo, chumba cha nyuma, jioni hiyo hiyo

Mkwe wangu,

Chai imefika, sukari imebaki kwako. Wacha karatasi, itabandikwa nyingine. Ningenyamaza, tungekuwa kizuizini hadi sasa.

Lakini kuna jambo hukuandika. Nilipotoa kichwa, uliniona kwenye kioo cha pembeni, ukafumba macho. Tukaondoka umeyafumba! Heshima nimeiona, mwanangu, lakini karibu ututie mtoni.

Kalla mzima, alhamdulillahi. Mtoto wa kike, ana sauti ya kufokea askari. Na pua ni yako kabisa. Usiniulize nimeijuaje.

Bibi wa mtoto