Jicho Jipya la Mama

Mukuju,
S.L.P. 41, Tororo.
9 Mei, 1966.

Mpendwa Kaka Erastus,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko Dar es Salaam? Na wifi Leonida, kifua kimepona? Huku kwetu watoto hawajambo, na mtama umeota vizuri mwaka huu. Lakini Mama ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unajua jicho lake la kushoto lilikufa kwa ndui hata kabla hatujazaliwa. Lile la kulia, lililokatwa na jani la mahindi likafunikwa na weupe, ndilo lililonifanya nimpeleke Kampala mwaka jana. Daktari aliondoa kioo kile kibovu cha mbele ya jicho, akashona kingine cha kijana aliyefariki pale hospitalini.

Kaka, Mama aliona! Tuliposhuka garimoshi Tororo alimshika mwanangu Okochi mashavu, akacheka: "Kumbe huyu ana pua ya marehemu baba yenu!" Akarudi kupepeta mtama wake mwenyewe, akaenda kanisani bila kushikwa mkono.

Baada ya Pasaka jicho likawa jekundu. Likaingia doa la kijivu. Tukarudi Kampala mbio, na daktari akasema ni kuvu, jamii ya ile inayoota kwenye mahindi yaliyonyeshewa. Alilitia matone mchana na usiku. Dawa ilichoma mpaka Mama akawa anauma shuka, na doa likazidi kukua. Nilikaa nimemshika mkono tu. Nilipomwuliza daktari kama kuna dawa nyingine, alisema, "Ningekuwa nayo ningeshampa." Hata yeye uso ulikuwa umemshuka.

Basi wakalitoa.

Tumerudi nyumbani. Mama halii, na hilo ndilo linaloniumiza. Neno lake ni moja: "Watu wa yule kijana wanakaa wapi? Waambiwe nililitunza jicho la mtoto wao. Lilinishinda tu." Kaka, sijui hata jina la marehemu. Hospitali hawasemi. Nimemjibu kwamba nitawatafuta, na sijui nianzie wapi.

Wasalimie wifi na mjomba Ikwap. Shemeji yako Othieno na watoto wote wanakusalimu. Mama anakuombea Mungu akulinde kazini, na amesema nikuandikie hivi: ukija, taja jina lako ukiwa bado mlangoni, usimguse kwanza, maana siku hizi anashtuka.

Ni mimi dada yako anayekupenda sana,
Mildred