Gari Jekundu Lililopitishwa Visimani

KITUO CHA POLISI, GARISSA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nunow Yarow
Umri: Miaka 47, kwa kukadiria
Kazi: Mwandishi wa barua za maombi na malalamiko
Makazi: Garissa, nyuma ya soko la ngamia
Tarehe na saa: 9 Aprili 1949, saa nane na dakika kumi mchana
Mbele ya: Koplo Nzuki

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Mnamo tarehe 7 mwezi huu nilitoa maelezo mengine mbele ya koplo huyu huyu, na kabla ya hapo niliandika barua mbili kwa polisi. Nimekuja kwa sababu ya maandishi hayo. Koplo amenionya kwamba kumpa afisa wa serikali habari za uongo ni kosa, na kwamba ninayosema leo yanaweza kutumiwa dhidi yangu. Nimeelewa. Nimewasomea watu sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Wakati wa vita, mwaka 1941, nilikuwa karani katika msafara wa malori ya jeshi. Tulifika Lugh, katika Somalia ya Wataliani, asubuhi, mvua ikiwa imekatika punde tu. Nyuma ya nyumba iliyoachwa na afisa wa Kitaliani niliona gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikuwa limesimama chini ya mgunga, limejaa maji ya mvua mpaka usawa wa viti, na njiwa walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa mlango wakinywa. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa wa umbo la unyayo wa ndege. Sikuligusa. Tuliondoka baada ya dakika tano. Miaka iliyofuata sikuwa na hakika kama nililiona au nililiota, na sikumwuliza mtu, kwa kuwa sikutaka kuambiwa kwamba niliota.

Mnamo Novemba mwaka jana nilipokea barua kutoka kwa Awil, mfanyabiashara wa Mandera niliyefahamiana naye jeshini. Aliandika kwamba gari hilo limevuka mpaka na sasa liko uani kwake, na kwamba analiuza. Barua zetu zilikwenda na kurudi kwa malori yanayobeba ngozi, kila moja ikichukua wiki mbili au tatu. Nilimtaka anitajie aibu za gari, kama muuzaji anavyotaja aibu za ngamia kabla ya kupeana mikono. Alijibu: "Halina paa, halina tairi la akiba, na asubuhi halipendi kuamka. Zaidi ya hapo, ndugu yangu, lina afya kuliko mimi na wewe." Nililipa kwa ngamia majike saba, ambao binamu yake aliwapokea hapa Garissa.

Mke wangu Hawo aliniuliza, "Utakwenda wapi nalo? Barabara ni moja, na polisi wako ncha zote mbili."

Alisema kweli, kwa kuwa hapa hakuna asafiriye bila kibali. Koplo ameniambia niache habari za vibali vya kusafiri katika wilaya hii. Nimeacha. Naomba iandikwe kwamba nimeambiwa niache.

Tarehe 9 Februari gari liliondoka Mandera likiendeshwa na Salat, dereva wa Awil. Tarehe 11, umbali wa nusu siku kusini mwa Elwak, jiwe lilitoboa tangi na petroli yote ikamwagika. Salat alipanda lori lililopita, akarudi Elwak kutafuta petroli na mtu wa kuziba tangi. Aliporudi siku ya nne hakukuta gari. Alikuta nyayo za ngamia wawili, na baina yake alama za magurudumu.

Habari hizo zilinifikia tarehe 26 Februari. Siku iliyofuata niliandika barua ya kwanza, nikieleza kwamba gari limeibwa na mtu nisiyemjua. Barua hiyo niliiandika kwa moyo safi. Sina la kuibadilisha.

Baada ya hapo nilingoja. Nilikuwa nikikaa barazani na kalamu mkononi, mteja akinieleza habari za mbuzi wake, nami nikiliona gari likija juu ya mchanga bila mlio, limeinuliwa kidogo kutoka ardhini, kama vitu vyote vinavyoinuliwa na joto la mchana upande ule. Lilikuja kila siku na halikufika. Mzee mmoja alilipia barua ya kudai mahari, na nilipomsomea alisema, "Mwandishi, mbona umemtaka shemeji yangu alete magurudumu?" Niliandika upya.

Tarehe 19 Machi, saa tano asubuhi, mwanamke aitwaye Sirad, muuza samli, alishuka kwenye lori la Wajir akaja moja kwa moja barazani kwangu. Hawo alikuwepo. Sirad alisema, "Mwandishi, mali yako nimeiona. Inavutwa na ngamia wawili."

Nikauliza, "Na nani?"

"Mtu anaitwa Dida Kura, mfugaji wa upande wa Wajir. Yeye anatembea mbele. Ndani amekaa mama yake, Qabale, kizee asiyeweza tena kutembea. Ameshika ule mduara kwa mikono miwili na ngozi ya mbuzi kichwani, anatazama mbele kama anayeliendesha. Kutoka mbali, wallahi, tulidhani ni arusi."

Akaeleza kwamba katika kila kisima Dida husimamisha ngamia, akachora mchangani chapa iliyo kwenye pua ya gari, duara lenye mkia, na kuuliza ni ukoo gani unaotumia chapa hiyo. Katika kisima alichokuwa Sirad wazee walishauriana muda mrefu. Mmoja alisema ni chapa ya watu wa Sangailu. Mwingine akamwambia, "Wewe hujui hata chapa ya mbuzi wako." Kisha walimpa zamu ya maji. Dida alilimiminia gari maji mdomoni, yakatokea chini, akasema, "Linaumwa tumbo," akalimiminia tena.

Inafaa nieleze jambo hili, kwa kuwa koplo ni mtu wa Machakos. Mnyama aliyepotea kwetu huitwa baadi. Anayemkuta hawezi kumwacha afe. Humchukua, humnywesha, humtangaza visimani mpaka mwenyewe apatikane. Haki yake ni maziwa tu, na hata hayo huyaombea radhi. Wasomali wanajua hivyo, na watu wa akina Dida, ingawa si Wasomali, wanajua hivyo. Kwamba gari si mnyama, hilo nalijua mimi kwa kuwa nimesoma. Dida alikuta kitu chenye macho mawili na chapa usoni, kimeachwa mahali pasipo maji, hakuna mtu.

Sirad alipomaliza, Hawo alisema, "Baba Kinsi, mwizi gani huyu anayepita kila kisima akiuliza mwenye mali?"

Nilimjibu kwamba hajui sheria. Akasema, "Mimi nimekuuliza habari za mwizi, sikukuuliza habari za sheria."

Nilielewa siku hiyo hiyo, pale pale barazani, kwamba Dida si mwizi. Nataka hilo liandikwe bila kupunguzwa. Nilichokasirikia hakikuwa wizi. Nilikasirika kwa sababu kizee nisiyemjua alikuwa amekaa katika kiti ambacho mimi nimekikalia kila nilipofumba macho kwa miaka minane. Alikuwa akipita katika nchi ile yote, kisima hadi kisima, kama aliyeinuliwa angani na joto lile, na watu wakidhani ni arusi, nami nilikuwa nimekaa Garissa nikiandika habari za mbuzi.

Tarehe 20 Machi niliandika barua ya pili. Koplo anayo mezani. Ndani yake niliandika kwamba Dida Kura anajificha porini mchana na kusafiri gizani, kwamba amefuta chapa ya gari, na kwamba watu wa upande wake wana desturi ya kukaa visimani wakivizia mali za wasafiri. Hakuna mtu aliyeniambia hayo. Niliyatunga mimi. Niliyasoma kwa sauti, nikayapenda, nikatia sahihi. Nimepigana na serikali hii kwa kalamu kwa sababu huwaandika watu wangu maneno kama hayo hayo bila kuwauliza. Sikuhitaji serikali kunifundisha. Niliyajua yote.

Tarehe 7 Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, Dida aliingia Garissa. Kule Wajir mtu alikuwa amemwambia kwamba anayengoja gari jekundu ni mwandishi wa Garissa, naye akalileta kwa mwendo wa siku ishirini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mawingu yalikuwa chini. Nasikia alipita sokoni akiuliza nyumba yangu, na watoto walimfuata kimya, jambo ambalo watoto wa Garissa hawafanyi. Alibakiza kama hatua mia mbili kufika mlangoni pangu. Polisi walimkamata hapo kwa nguvu ya barua yangu ya pili.

Saa nne niliitwa kituoni kulitambua gari. Lilikuwa uani. Matairi yalikuwa yameishiwa pumzi, naye Dida alikuwa ameyafunga kwa ngozi ya ngamia iliyoshonwa vizuri. Viti vilikuwa vimepakwa mafuta visipasuke kwa jua. Kizee Qabale alikuwa bado ndani, hakuna aliyethubutu kumshusha. Alinitazama, akauliza kwa Kisomali, "Huyu naye ni polisi?" Niliingia ofisini, nikaulizwa kama ninayathibitisha niliyoandika, nikasema ninayathibitisha. Hayo ndiyo maelezo yangu ya kwanza, na ni ya uongo katika kila jambo linalomhusu Dida.

Nilipotoka nilipita karibu na dirisha la selo. Mwanamume mrefu mwenye umri kama wangu alisimama nyuma ya nondo. Alisema, "Walaal, ndugu yangu, wewe ndiye mwenye baadi?"

Nikasema, "Ndimi."

"Kila anayekuja husema ndimi. Elwak walikuja wawili, Wajir watatu. Taja alama."

Nilisema ni jekundu. Akasema, "Hata kipofu wa Wajir alitaja hiyo, aliambiwa na mkewe." Nilisema lina viti viwili na halina paa. Akasema hayo huonekana kutoka barabarani. Aliniuliza liko jeraha gani chini ya tumbo, sikujua. Aliniuliza lina mlio gani likivutwa mlimani, sikujua. Mtu niliyemfungisha alikuwa akinihoji kwa upole, nami mwenye mali nilikuwa nashindwa. Mwishowe nikamwambia kwamba kwenye kioo, upande wa kushoto juu, kuna unyayo wa ndege.

Akasema, "Mama huweka kidole hapo kila asubuhi. Ni lako." Akaongeza, "Sikula kitu chake. Halina maziwa. Tulipata kivuli chake tu wakati wa mchana, na mama alilikalia. Kwa hayo mawili utusamehe."

Hakuniuliza ni nani aliyemfungisha. Nadhani hakujua. Niliondoka bila kumwambia.

Jana, tarehe 8, sikumwandikia mtu barua. Baada ya swala ya Ijumaa nilimkuta koplo njiani, akaniambia kwamba kwa maneno yaliyomo katika barua yangu Dida atapelekwa kwa hakimu Jumatatu, na kwamba huenda akafungwa miaka miwili. Nilimwuliza mama yake atakaa na nani. Akasema swali hilo halimo katika fomu.

Naweza kusema kwamba nilidanganywa na wasafiri. Koplo mwenyewe, kwa wema, amenipa njia hiyo mara mbili tangu nikae kwenye kiti hiki. Lakini nikisema nilidanganywa na Sirad, atatafutwa Sirad, na yeye alisema kweli tupu. Hakuna aliyenidanganya. Dida Kura hakuiba gari, hakulificha, hakusafiri gizani, hakufuta chapa. Aliionyesha chapa hiyo kwa watu wengi kuliko fundi aliyeitengeneza. Aliyesema uongo ni mimi, nikijua ni uongo, na ninatia sahihi nikijua yatakayonipata.

Hapa ndipo nilipofika. Nimesomewa yote kwa sauti, nimesahihisha tahajia mahali pawili, na sina neno la kuondoa.

(Sahihi) Nunow Yarow

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Nzuki, na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Saa kumi alasiri nimeyapeleka kwa Bwana Inspekta. Kwa amri yake Dida Kura ameachiliwa saa kumi na dakika arobaini. Kwa amri hiyo hiyo Nunow Yarow amewekwa selo kungoja hakimu, kwa kosa la kutoa habari za uongo.

Nimemweleza Dida Kura kwamba yuko huru, achukue mama yake na ngamia wake aende, na gari aliache uani. Amekataa. Anasema mali ya mtu hukabidhiwa mwenyewe mkononi, na mwenyewe yuko ndani. Nimemwambia ni huyo huyo aliyemfungisha kwa barua. Ameuliza mwandishi atatoka lini. Nimesema sijui, huenda Jumatatu, huenda baada ya miezi.

Amewashusha ngamia mizigo. Saa kumi na mbili ameomba maji ya ngamia, ya mama, ya gari, na bakuli moja la ziada, akalipitisha dirishani mwa selo. Nimeruhusu.

(Sahihi) Koplo Nzuki