Sambusa za Ambaro na Mkate wa Lela

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
12 Aprili, 1958

Mpendwa Shangazi Mgeni,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na zimechelewa najua. Goti lako vipi? Saumu inakwendaje na joto la huko Mombasa? Sisi huku tunafunga na baridi na matope, mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Mume wangu Idarusi mzima, bado anapeleka lori Nakuru na kurudi. Mimi mwili mzima, uso ndio sina.

Nianze na lile nililokuficha. Mwanangu Lela anaumwa tangu mwaka jana. Tumbo lilikuwa linajaa, miguu inakonda, chakula hakikai. Daktari akatuambia adui yake ni ngano: asionje boflo, chapati, mandazi wala tambi. Tangu aache amepata nafuu. Lakini niliona haya, Shangazi. Mtoto anayelishwa peke yake watu humtia midomoni, na huyu ni msichana. Ndiyo sababu hatukuja kwenye harusi ya mwanao Haidari. Nauli niliyosema hatuna ilikuwapo.

Taabu yenyewe ni mkate. Kila asubuhi watoto wa uani wanachovya boflo kwenye chai, naye anawatazama midomo. Anachotamani ni lile ganda linalolia kwa meno. Nikampikia mkate wa kumimina, wa mchele, kama ulivyonifundisha. Akala, akasema mtamu, lakini haulii.

Ikaingia Ramadhani. Wajua mambo ya mfungo, sahani huvuka uani kabla ya adhana. Jirani yangu Ambaro, Msomali wa Kismayu ambaye mlango wake unatazamana na wangu, akawa ananiletea sambusa kila magharibi. Nami napokea, nashukuru, namsifia mkono. Mara ya kwanza Lela alidokoa moja, akagaagaa na tumbo. Tangu hapo, Idarusi akiwa safarini, nikawa nazitoa mlango wa nyuma nawamwagia kuku, Lela asizione akadokoa tena. Chakula cha futari, Shangazi! Ningempa jirani mwingine, angeijua sahani akauliza.

Na kuku wenyewe ni wa Ambaro. Mmoja akakimbilia kwao na sambusa mdomoni, akampita mwenyewe mlangoni. Akaja kwangu, wala hakupiga kelele.

"Muhiba, kumbe mimi nafuturisha kuku?"

Nikasema imeniponyoka. Uongo mbichi, kwani nyingine tatu zilikuwa chini pale pale. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kuku.

Magharibi iliyofuata sahani haikuja. Na ile ya mwisho ilibaki kwangu, maana sahani ya jirani hairudi tupu, na mimi nitie nini? Kila nikifungua kabati naiona. Nikaapa itarudi na mkate ambao Lela naye anaweza kuula.

Nikaloweka mchele, nikatwanga, nikachekecha. Rojo nikalifanya zito, nikatia hamira na unga wa muhogo kidogo ili lishikane. Wa kwanza ulitoka jiwe. Wa pili uliniishia makombo mkononi. Mwisho nikaipasha sufuria tupu mpaka ikafuka moshi, ndipo nikamimina, nikarashia maji, nikafunika, makaa mengi juu kuliko chini. Ulipokuwa unapoa ganda likaanza kualika na kulia lenyewe. Lela akausogezea sikio. Alipouma ukalia, akacheka sana, nami nikaangua kilio.

Nusu nikaitia kwenye sahani nikavuka uani. Nikamwambia Ambaro yote pale mlangoni. Alinitazama mpaka nikainama.

"Mtoto anaumwa, na mimi unanificha? Mimi nani kwako?"

Nikamnyooshea sahani. Akapokea sahani, akafunga mlango. Usiku ule sikulala vizuri.

Jana karibu na adhana akaja, akamshika Lela mkono, akaenda naye. Nikawafuata mbio, roho juu. Nikakuta watoto wake wote wamezunguka sinia moja, na juu yake mikate ya mtama, ile tunayoita mofa, wao muufo. Sambusa hakuna hata moja. Siku hiyo ngano haikuguswa nyumba ile, kwa ajili ya mwanangu. Lela akapewa nafasi, akatia mkono wake kati ya mikono ya wenzake. Alikuwa hajala na watoto wenzake tangu augue.

Siku ya kuku nilidhani nimeona aibu. Jana nilisimama mlangoni nimejifunika uso kwa mtandio.

Nisamehe uongo wa nauli, Shangazi. Nisalimie Ami Abdurahim, na Haidari na bibi harusi wake. Waambie ukweli kuhusu Lela, usifiche. Mungu akukubalie saumu yako na alipe goti lako nguvu za kusimama Idi.

Sahani ya Ambaro iko kwangu tena, jana Lela alirudi nayo ina mofa. Mkate uko motoni. Leo atakayeivusha uani ni Lela mwenyewe.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Muhiba