Kopi ya Sara

Alhamisi, 5 Agosti 1982

Ukungu tangu alfajiri. Jua hakuna, betri za redio nimezianika kando ya jiko. Zimekubali! Wamepiga ile rumba ya zamani ya Kizaire, safari hii kopi ya bendi moja ya Tanga. Nimeacha cherehani nikasikiliza. Wazaire wenyewe waliuimba wimbo huo kama watu wanaowahi basi. Hawa wameutuliza, halafu mwishoni sauti ya mwanamke inabaki peke yake — nywele zilinisimama.

Inosenti, mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, anasema kopi ni kopi tu, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Nikamwambia wimbo ni wa aliyeuimba vizuri, si wa aliyeutunga. Akarudi kukaza nyuzi za gitaa lake.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa, habari! Watu wa redio wanakuja Karatu Jumamosi kurekodi bendi na kwaya, pale ukumbi wa shamba la kahawa. Bendi yetu ya shamba imepewa wimbo mmoja. Wote wamesema "Ukungu" — wimbo wangu, niliomtungia mama tulipomzika mwaka jana. *Mama funga mlango, ukungu unaingia.* Hapa hakuna asiyeujua, hata watoto wanauimba wakichota maji. Nitasikika mpaka Bukoba! Na nitaimba vizuri, najijua.

Baba peke yake hajawahi kuusifia. Tangu mazishi hata jina la mama halitaji. Nikianza kuimba, anatoka kwenda kutazama ng'ombe. Redioni je, atakimbilia wapi?

Jumatatu, 9 Agosti

Baba alipeleka maziwa shambani, akachelewa kurudi. Nikamfuata. Nimemkuta kasimama kando ya mibuni, kofia mkononi, kibuyu cha maziwa bado kimejaa. Analia. Baba yangu!

Vibarua wa Dodoma walikuwa wanachuma huku wanaimba. Wimbo wangu — bila gitaa, polepole, sauti zinapishana na kurudiana kama Wagogo wanavyojua wenyewe. Anayeongoza anaitwa Sara, msichana mwembamba, kaja msimu huu. Lakini anaimba: *Mama acha mlango, ukungu uingie.*

Nikamngoja mwisho wa mstari wa mibuni. Nani kakufundisha? Akasema ni wimbo wa zamani wa wenyeji, dada, kaukuta humu humu mibunini. Na mlango je? Akacheka. Kwao Dodoma ni kukavu, ukungu ukija wanashukuru Mungu, nani atafungia baraka mlango? Kaona wenyeji wamekosea, akawasahihishia!

Sikumwambia ni wangu. Nimerudi nyumbani na hasira. Na nywele zilikuwa zimesimama, siwezi kukataa.

Jumatano, 11 Agosti

Leo tukila ugali nimemuuliza baba kilichomliza. Alimega tonge, akalirudisha sahanini. Kisha akasema Hyasinta hakuwahi kufunga mlango kabla sote hatujaingia. Hata baridi ya Julai. Hata yeye baba akigomba.

Hyasinta! Kamtaja mama.

Na ni kweli tupu. "Funga" niliiweka kwa sababu ilikaa vizuri na gitaa. Mgeni asiyemjua mama ndiye kamwimba alivyokuwa.

Nikamweleza Inosenti, nikauliza kama Sara naye aimbe redioni. Kacheka mpaka akaweka gitaa chini. Si wimbo ni wa aliyeuimba vizuri, Katarina? Mdomo umeniponza. Halafu akaacha kucheka. Watu wa redio wana tepu chache, anasema, wimbo mmoja hawaurekodi mara mbili. Akiimba Sara, basi mimi ndiyo imetoka hiyo. Najua. Nimeutaka huu wasaa tangu niko darasa la tano.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika nimekalia gunia, nyuma ya ngoma za bendi. Kwaya ya parokia inamaliza. Sisi ndio tunafuata.

Sara yupo, nimemleta mwenyewe. Njiani nikamwambia wimbo ni wangu. Alifunika uso kwa khanga. Nisamehe, dada, nisamehe. Nikamwambia anyamaze, atunze sauti. Kwa nini nilisema hivyo? Nguo yangu nimeshaipiga pasi, nimeivaa, na imenikaa!

Fundi wa redio anauliza nani anasimama kwenye maiki. Inosenti kaninyooshea kidole mimi.

Sasa fundi anataka mlango wa ukumbi ufungwe, upepo unavuma kwenye mashine. Haufungiki. Baba kauegemea, kofia mkononi. Wanamwomba, mzee, tafadhali. Anasema wimbo wa mkewe hauimbwi mlango ukiwa umefungwa.

Wimbo upi, baba? Wangu unasema funga!

Ukungu unaingia kweli, umefika kwenye viti vya mbele. Sara anatetemeka. Nimevua sweta langu nikamvika, na vifungo nimemfunga mimi, maana vidole vyake havishiki. Inosenti ananiita mara ya pili; nimemwelekeza Sara kwenye maiki.