Yai Limeivia Kwenye Gauni la Bi Harusi

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na nitakwambia hasara kwanza ndipo nikueleze ilivyokuja: Alhamisi ya wiki iliyopita asubuhi, kabla hata chai haijapoa, nilipoteza kifua cha gauni la harusi, nikapoteza wifi yangu ambaye ndiye mshirika wangu wa kazi, na nikapoteza kifungua kinywa changu, vyote kwa mpigo mmoja, na katika vitatu hivyo ni gauni peke yake nililoweza kulirudisha.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke niliyejitengeneza mwenyewe kwa mkasi wangu, sikurithi wala sikupewa, nilianza na cherehani moja ya kukanyaga kwenye korido ya nyumba ya kupanga, na leo tuna chumba chenye madirisha mawili, meza ya kukatia, cherehani nne na pasi ya mvuke. Nasema "tuna" kwa sababu wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliingia na cherehani mbili kati ya hizo. Mimi nakata, yeye anashona na kupiga pasi, na tuko na mama mmoja mtu mzima wa vifungo na pindo ambaye sote tunamwita Bi Vifungo, ulimi wake una ncha kuliko sindano zake.

Sasa nikueleze kuhusu mayai, maana hapo ndipo moyo wangu unaporuka! Kwa miaka tulikuwa tunafungua kinywa kwa chai ya sukari tele na mkate wa jamu, na ikifika saa nne mkono wangu unatetemeka kwenye mkasi, wifi anapiga miayo juu ya cherehani, na hapo ndipo mikono ya mashati inaposhonwa kinyume, wa kulia ukakaa kushoto. Basi siku moja mkate ukawa umeisha dukani, nikajikuta na viazi vya kuchemsha vilivyobaki, kitunguu, nyanya na mayai, nikavikaanga pamoja kwa chumvi na pilipili manga kwenye jiko letu la chai pale karakanani, tukala, na mshauri, saa sita ikafika hakuna aliyeuliza saa! Bi Vifungo akajipapasa tumbo akasema, "Leo nani kanifunga mkanda kwa ndani?"

Tangu hapo sikurudi nyuma. Leo mayai ya kuvurugwa na mboga za majani na kitunguu, kesho maharage ya jana yaliyopashwa moto na yai limelala juu yake, keshokutwa wali uliolala umekaangwa na yai na karoti zilizokatwa kama vifungo, siku nyingine parachichi lenye chumvi na ndimu pembeni ya yai la kuchemsha, yaani kila nikiamka swali langu la kwanza ni hilo, leo yai litavaa nini? Na faida naiona kwa macho, zamani tulimaliza mashati manne kabla ya chakula cha mchana, sasa sita, na mkono uliokaa kinyume hakuna hata mmoja. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Wifi alikuwa na maneno yake, sikatai. "Wifi, hii ni karakana au mgahawa? Nguo za watu zitanuka vitunguu."

"Madirisha yako wazi, wifi."

"Na mayai kila siku yatakuziba mishipa."

"Mishipa yangu ilikuwa imeshazibwa na jamu."

Anasema hayo yote, mshauri, huku anafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate, mpaka Bi Vifungo akamwambia, "Punguza, mwanangu, utakula na maua ya sahani."

Sasa Alhamisi. Gauni la bi harusi, satini ya rangi ya maziwa, limetandazwa kwenye meza ya kukatia likisubiri kupigwa pindo, mwenyewe anakuja saa tatu kulijaribu mara ya mwisho, na mimi asubuhi ile nimefaulu kitu kipya, yai la kukaanga ambalo ute umeshika lakini kiini bado laini, ukikigusa kinashuka chenyewe juu ya viazi vya pilipili kama mchuzi wa dhahabu, furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza, nikawa nawaita wenzangu waje waone, njooni muone, njooni, na kutahamaki tone la kiini limetua kifuani mwa gauni, pale pale penye macho ya watu wote.

Mtu mwingine angefuta kwa maji baridi akashukuru. Lakini sisi mafundi tuna ugonjwa wetu, kila kitu tunakipigia pasi. Kola ikikataa kulala, pasi. Nta ya mshumaa ikidondoka kwenye nguo, karatasi juu yake, pasi. Mteja akilalamika gauni linambana, tunalipiga pasi kwanza halafu tunamwambia alijaribu tena. Basi wifi akaruka kutoka kwenye cherehani, "Usiguse! Usiguse!", akatandika kitambaa kibichi juu ya tone, akashusha pasi kwa uzito wake wote, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ule ikapanda harufu ya kifungua kinywa. Yai limeiva! Limeivia humo humo kwenye nyuzi za satini, manjano, gumu, halitoki kwa kucha wala kwa dua. Bi Vifungo akachungulia juu ya miwani yake. "Limepungua chumvi tu," akasema.

Nilicheka, mshauri, si kwa ubaya, kicheko kilinitoka tu, na hapo hapo mlango ukafunguka, bi harusi na mama yake. Mama mtu akaona doa. "Hiki ni nini?" Mimi mteja yuko mbele yangu, heshima ya karakana iko mezani, nikamjibu, "Muulizeni aliyeshika pasi." Na uongo uko wapi hapo? Si yeye aliyeishika?

Wifi aliichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha mahali pake, akachukua mkasi wake na futi yake. Mlangoni akageuka. "Chagua, wifi. Mayai au mimi."

Satini ilikuwa imebaki, nikakata kifua kipya, mimi na Bi Vifungo tukakishona siku hiyo hiyo, Jumamosi bi harusi alilivaa akacheza mpaka viatu vikavuliwa, hakuna mgeni aliyejua. Lakini wifi hajarudi. Cherehani zake mbili zimefunikwa shuka kama samani za nyumba ya wasafiri. Mume wangu, ambaye huyo ni damu yake, nikimgusia ananyanyua mikono: "Wewe mke wangu, yule dada yangu, mimi nakula kazini." Jumatatu tunaanza sare za shule, sare mia na themanini, na bila mkono wa wifi kwenye cherehani kazi hiyo inakwenda kwa fundi mwingine, na akienda mteja wa sare ndiyo ameenda miaka yote. Nami kwa hasira nimesusa mayai, nimerudia mkate wa jamu, na jana saa nne nimekata mikono miwili ya kushoto.

Basi swali langu ni moja na usinizungushe. Kosa la pasi ni la aliyeshika pasi, mayai yamekosa nini? Niyaache ili wifi arudi, au niyashikilie nitafute mshonaji mwingine?

Mimi,
Fundi Mwenye Njaa

*

Fundi Mwenye Njaa,

Barua yako niliimalizia jikoni, nimeishika mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Hayo maharage yenye yai juu nimeyapika, nimeyala, na ninapoandika hapa ni saa saba na sijaikumbuka hata biskuti. Kwa hilo hongera, na wasomaji wangu wote wanaojaza sukari tumboni asubuhi halafu wakasinzia kazini nawaambia wakusikilize.

Sasa kaa chini. Umenieleza karoti zilikatwaje, kiini kilishukaje na parachichi lilitiwa nini. Nimesoma mara mbili nikitafuta sahani ilikuwa ya nani, sikuiona. Tone lilitua lenyewe, kama njiwa? Chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu anayezunguka na yai juu ya satini akiita watu waje waone, na hakuwa wifi yako wala Bi Vifungo.

Wifi yako alikosea, simtetei. Yai ni la maji baridi, na haraka. Moto hulipika popote lilipo, kwenye kikaango au kwenye kifua cha bi harusi. Lakini alikosea akikimbilia kuokoa kazi yenu nyote wawili. Wewe ulicheka. Kisha mteja alipouliza, ukamsukuma yeye mbele na kujificha nyuma ya mgongo wake, halafu unaniuliza uongo uko wapi. Uko hapo hapo, mama. Umeufunika kwa kitambaa kibichi ukaupigia pasi, na sasa umeganda.

Unadhani mtu aliyekuwa anafuta sahani zako mpaka maua ya sahani ana ugomvi na mayai? Amekuambia uchague kwa sababu anataka kuona kama siku nyingine jambo likiharibika utasimama naye au utamnyooshea kidole. Ukimjibu "sawa, nimeacha mayai," utakuwa umemjibu swali ambalo hakuuliza, naye atarudi na uchungu wake mzima, na wewe utakata mikono ya kushoto mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mayai usiache. Mtu mwenye afya yake, yai la asubuhi pamoja na mboga na kiazi au maharage si dhambi; hiyo habari ya mishipa, kama kati yenu yupo mwenye kisukari au aliyeambiwa apunguze mafuta, daktari wake ndiye wa kumpangia idadi, si wifi na wala si mimi. Mafuta ya kukaangia punguza, kijiko kimoja kinatosha, yai haliogelei. Kitunguu na viazi vikaange nyumbani, uje navyo kwenye bakuli lenye kifuniko, ili chumba kisinuke. Kwenye hilo wifi alikuwa na haki na ulimjibu kwa mzaha. Mle nje kwenye ngazi, kabla kitambaa chochote hakijakunjuliwa, mnawe kwa sabuni, ndipo meza ifunguliwe. Na siku ya nguo nyeupe, satini au harusi ya mtu yeyote, ni mayai ya kuchemsha yaliyoiva sawasawa, yasiyodondosha kitu. Kiini laini ni cha Jumapili, nyumbani kwako, ukiwa umevaa kanga kuukuu.

Haya yote ni mepesi. Zito ni hili. Nenda kwa wifi yako wewe mwenyewe. Usimtume mume wako, ameshakuambia anakula wapi. Usiende na Bi Vifungo, atafanya kilio kiwe kichekesho. Usibebe sahani, maana nakujua sasa, utaanza kumwelezea chakula. Mwambie: sahani ilikuwa yangu, na nilikuangushia wewe lawama. Ukifika hapo funga mdomo. Usitie "lakini". Usimkumbushe pasi. Akikufokea, mwache afoke, ana siku kadhaa za maneno yaliyomlundikia.

Kisha, akiwa amekaa mbele yako anasikia, mpigie simu mama wa bi harusi umwambie hilo hilo. Ndiyo, mteja. Ndiyo, ambaye hajui sahani ilikuwa ya nani na amesharidhika. Ulimchafua wifi mbele ya mama huyo, na kumwomba radhi chumbani peke yenu hakutoi doa lililoko kwa watu. Pengine mama yule atakasirika asirudi kwako. Kuna gharama ya kukosa mteja mmoja wa magauni, na kuna gharama ya cherehani mbili zilizofunikwa shuka. Wewe ndiye mwenye hesabu, piga.

Na usiniandikie barua nyingine ndefu ya viazi. Namba ya ujumbe ya safu hii iko chini ya ukurasa, na sare zako zinaanza Jumatatu. Nataka neno moja, lifike kabla ya Jumapili saa kumi jioni: umempigia mama wa bi harusi, wifi yako akisikia? Ndiyo au hapana.