Noti Tatu Zinatosha

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkono wa kulia unaendeleaje tangu kile kiharusi? Huku sisi wazima. Mjukuu wako Kijino ameota jino la pili na ananing'ata kama ananidai.

Baba, mpiga piano wa hoteli yetu anahama. Nikamwambia msimamizi naweza kushika nafasi yake. Alicheka, maana ananijua kwa kukunja mashuka dobini, lakini amekubali kunisikiliza tarehe thelathini. Nimechora vibao vya piano kwenye boksi la sabuni, nafanya mazoezi Kijino akiwa mapajani. Ile kordi yako ya jazi, ya kumi na tatu, yenye noti saba kwa mpigo, ukiruka moja moja kutoka ya kwanza hadi ya kumi na tatu, sasa naishika yote. Nilipokuwa mdogo nilidhani una vidole kumi na viwili.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nisamehe mwandiko, huu ni mkono wa kushoto, ulizoea kupiga besi tu, zile noti za chini. Wa kulia umelala, hauamki. Piano nimeifunga, juu ya kifuniko nimeweka redio.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Ila mkono wako mdogo kama wa mama yako. Unazifikiaje noti zote hizo? Jaribu kwenye piano yenyewe, boksi halina sauti ya kukusuta. Na kata kucha.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Niliketi mbele ya piano ya hoteli wageni walipomaliza chakula cha mchana. Vidole havikufika. Boksi lilikuwa fupi, Baba, nami nilivibananisha vibao ili vyote vienee. Nikalazimisha, zikatoka kelele kama sufuria zimeanguka. Wahudumu wakaniambia nirudi kwenye pasi. Nadhani nitamwambia msimamizi basi. Wewe ulijaliwa, mimi natamani tu.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Usimwambie lolote. Hata mimi sikuwahi kuzifikia. Miaka yote hiyo watu wakinisifu, nilikuwa napiga tatu, zikizidi nne.

Noti ya kwanza mwachie mpiga besi, ndiyo kazi yake. Ya tano iache, haina habari mpya. Shika ya tatu na ya saba, hizo ndizo sura ya kordi. Kisha weka ya kumi na tatu juu, kama mtu anayeongeza neno moja akiwa mlangoni. Mengine sikio la msikilizaji litajijazia. Mkono wa mama yako ulitosha kutulea sote. Wako utatosha kwa hili.

Baba yako

31 Machi

Baba yangu,

Shikamoo tena na tena. Siku nilipozipata hizo tatu kwa mara ya kwanza, Kijino aliacha kulia akanitazama mdomoni, kana kwamba ni mimi niliyeimba.

Jana mpiga besi wa hoteli hakutokea. Nilipiga peke yangu, ile ya kwanza nikaiacha wazi ulivyosema. Msimamizi alifumba macho. Nilipomaliza akasema kazi ni yangu, kila Jumamosi mchana, kwa kuanzia. Juu kuzuri, akasema, ila huku chini kuna mtu hayupo.

Nikamwambia yupo, ni baba yangu, lakini ana mkono wa kushoto tu.

"Huko chini," akasema, "si ndio huo huo unaotakiwa?"

Kiti cha piano ni kirefu, Baba, tunaenea wawili. Ondoa redio kwenye kifuniko. Kucha usihangaike nazo, ukifika nitakukatia mimi.

Binti yako