Vifo vya Ghafla vya Bungoma

Jumatatu, 3 Machi. Kitale
Siku ya nne na madaftari. Chai imepoa tena. Kazi yenyewe: kulinganisha waliojiua Kitale na waliojiua Bungoma, ili mkubwa wangu aamue washauri nasaha waende wapi. Waliojiua Kitale ni wengi, wakulima, wanaume. Bungoma karibu hakuna mtu. Mkubwa amefurahi, ati Bungoma wanasali sana. Mimi nimezaliwa Misikhu, huko huko Bungoma. Tunasali, na tunaumia vilevile.

Jumatano, 5 Machi. Bungoma
Daftari la vifo, ukurasa kwa ukurasa. Ghafla. Ghafla. Tumbo. Ghafla. Wanaume waliokuwa wazima juzi. Nimemuuliza Nekesa, mhudumu wa afya anayezunguka vijijini. Amenicheka.

"Si wewe ni wa huku, bana? Ukiandika ukweri, huyo mtu atazikwa aje?"

Kweli. Kwetu aliyejiua hufukiwa haraka pembeni mwa shamba, bila hotuba, bila matanga. Basi familia husema ghafla, na karani huandika ghafla. Kila mtu anamtendea marehemu wema.

Alhamisi, 6 Machi
Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 7 Machi
Mkubwa amepiga simu. Ghafla si ushahidi, amesema. Nimpe familia hata moja inayokubali kutaja, la sivyo washauri wote ni wa Kitale. Ripoti ni Jumatatu. Mimi na Nekesa tumebisha milango mitano. Chai tumepewa kote. Jibu, hakuna.

Naona haya. Kaka yangu Barasa alikufa miaka sita iliyopita. Fomu niliijaza mimi. Niliandika presha.

Jumapili, 9 Machi. Misikhu
Nimemwomba Mama ruhusa ya kumtaja Barasa, baada ya kanisa. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kuchambua kunde.

"Watakuja kumtoa pale alipo?"

Nikamwambia hapana, Mama, hakuna atakayemgusa.

"Basi andika. Nimechoka kudanganya."

Nimelia mpaka kichwa kikauma. Yeye hakulia.

Jumatatu, 10 Machi. Kitale
Ripoti imeenda. Familia ya kwanza ya Bungoma ni yetu. Mkubwa ameisoma, kisha amesema mshauri mmoja ataenda Bungoma. Mmoja. Nimeshukuru, na nimekasirika.

Jioni Mama amepiga simu. Amemwambia jirani yetu mjane habari za Barasa. Jirani hakushangaa. Alivuta kiti, akaanza kueleza ya mumewe.